Soichiro Honda, mtoto wa mhunzi, na swali ambalo wamama wanatuuliza kila mwisho wa mwaka



Kila mwisho wa mwaka wa shule, siku ya kutoa buletini, kuna swali moja ambalo sisi waalimu tunaulizwa kuliko maswali mengine yote. Mama anakuja na buletini mkononi, anangoja wengine waondoke, kisha anasema kwa sauti ya chini: "Mwalimu, huyu mtoto hana kichwa cha shule. Lakini ukimpa redio iliyokufa, anaifufua. Si afadhali nimpeleke garaji, minervali niiweke kwa wadogo wake?"

Si swali la mchezo. Nyuma yake kuna pesa ya likirimba, kuna baba ambaye mshahara wake haufiki mwisho wa mwezi, kuna watoto wengine wanne wanaongoja zamu yao. Jibu baya linaweza kumfungia mtoto njia kwa miaka mingi. Kwa hiyo juma hili tumechagua kuwaeleza maisha ya mtu ambaye jina lake linapita mbele ya milango yetu, limeandikwa kwenye tangi la pikipiki. Wengi wanadhani Honda ni jina la mashine tu. Kumbe ni jina la mtu, na mtu huyo alikuwa mtoto wa kijijini asiyependa daftari.

Tumemchagua kwa sababu ya pili pia. Katika mikutano ya wazazi tumesikia mara nyingi neno hili: "Honda hakuwa na diploma, na angalia utajiri aliouacha." Sisi tuliopita ISP na tunaoishi kwa chaki, neno hilo lilitugusa. Tukataka kuyajua maisha yake vizuri. Tuliona kwamba wanaosema hivyo wanaeleza nusu ya habari na kuacha nusu nyingine.

Mtoto wa mhunzi na mfumaji

Soichiro Honda alizaliwa tarehe 17 Novemba 1906 katika kijiji cha Komyo, karibu na mji wa Hamamatsu, huko Japani. Baba yake, Gihei, alikuwa mhunzi. Alifua vyuma, baadaye akaanza kutengeneza baiskeli. Mama yake, Mika, alikuwa mfumaji wa nguo mwenye mikono hodari. Nyumba haikuwa na mali, lakini ilikuwa na nyundo, moto na vyombo vya kazi, na mtoto alikua katikati ya vitu hivyo. Uso wake ulikuwa mweusi kwa masizi hata wenzake wakampa jina la utani juu ya pua yake.

Alikuwa bado mdogo sana gari la kwanza lilipofika kijijini. Alilikimbilia. Liliposimama likaacha mafuta chini, akainama akanusa yale mafuta, akajipaka mikononi. Habari hiyo aliisimulia hata alipokuwa mzee. Mwaka wa 1917 rubani wa Marekani, Art Smith, alikuja Hamamatsu kuonyesha ndege. Soichiro alichukua baiskeli ya baba bila ruhusa, akaendesha kilomita karibu 20. Pesa ya kiingilio haikumtosha, basi akapanda juu ya mti na kutazama kutoka huko.

Shuleni mambo hayakuwa hivyo. Buletini yake ilipaswa kurudi na muhuri wa mzazi. Alipoona alama hazimpendezi, alichonga muhuri wa ukoo wao kutoka mpira wa pedali ya baiskeli, akajipigia mwenyewe. Herufi za jina Honda zinafanana upande wa kulia na wa kushoto, kwa hiyo hakuna aliyegundua. Wenzake wakamwomba awachongee pia. Majina yao hayakuwa ya namna hiyo, mihuri ikatoka imegeuka, na uongo ukafichuka. Mwalimu yeyote anayesoma hapa atacheka, kisha atajiuliza: mtoto mwenye mikono ya namna hii, tungemfanyia nini?

Miezi ya kubeba mtoto mgongoni

Mwaka wa 1922, akiwa na miaka 15, alimaliza darasa lake la mwisho na kwenda Tokyo, kwenye garaji iliyoitwa Art Shokai. Baba yake alimpeleka mwenyewe. Kijana alifikiri atashika injini siku ya kwanza. Badala yake alipewa ufagio, na mtoto mchanga wa tajiri wake wa kubeba mgongoni. Miezi ikapita hivyo, anafagia na kubembeleza mtoto, huku mafundi wakimcheka. Siku moja alifungasha nguo zake atoroke, lakini alipowaza uso wa baba yake nyumbani, akabaki.

Tunawaandikia haya kwa sababu tunajua wamama ambao watoto wao walirudi kutoka garaji baada ya majuma mawili wakisema, "Ananituma maji tu." Kutumwa maji si alama kwamba fundi ni mbaya. Lakini kuna jambo la kuangalia, nalo tutalifikia mwishoni.

Siku ya theluji nyingi, kazi ikawa nyingi kuliko mafundi, akaitwa ashike funguo. Tangu hapo hakurudi tena kwenye ufagio. Tarehe 1 Septemba 1923 tetemeko kubwa lilibomoa Tokyo na moto ukateketeza mji. Mafundi wengi walirudi kwao. Yeye na wachache walibaki wakitengeneza magari yaliyoungua, na hapo alijifunza kazi ya miaka mingi kwa muda mfupi.

Tajiri wake, Yuzo Sakakibara, alipenda mashindano ya magari. Walijenga gari la mbio kwa kutumia injini ya ndege ya zamani, Soichiro akiwa mmoja wa wajenzi. Mwezi wa Novemba 1924 gari hilo lilishinda mashindano, na Soichiro, aliyekuwa amekaa ndani kama fundi wa kumsaidia dereva, alikuwa ametimiza miaka 18 tu. Ndiko mchezo ulikoingia katika maisha yake.

Mwaka wa 1928 Sakakibara alimkubalia afungue tawi la garaji huko Hamamatsu, akiwa na miaka 21. Siku zile vijiti vya magurudumu ya magari vilikuwa vya mbao na viliungua moto ulipotokea. Yeye aliviunda kwa chuma, akapata hati ya kulinda uvumbuzi wake, na pesa ikaanza kuingia.

Aliendelea kukimbiza magari. Tarehe 7 Juni 1936, kwenye mashindano ya Tamagawa, gari lake liligonga lingine na kupinduka. Yeye aliumia usoni na mkononi, na mdogo wake Benjiro, aliyekuwa naye ndani, aliumia vibaya mgongoni. Wamama, tusipambe mambo: michezo ya mbio inaumiza watu.

Alipogonga ukuta, alirudi darasani

Hapa ndipo ile nusu inayoachwa. Honda hakutaka kubaki mtengenezaji wa magari ya wengine, alitaka kuunda kitu chake. Mwaka wa 1937 alianza kuunda pete za pistoni, zile mafundi wa kwetu wanaziita segmenti. Ni pete ndogo ya chuma, kwa macho ni kitu rahisi. Aliweka pesa zake zote. Alilala kiwandani. Pete zilitoka ngumu kupita kiasi, zikavunjika, au laini, zikaharibu injini. Mikono yake hodari, ile iliyochonga mihuri na kujenga gari la mbio, haikuweza kumwambia kasoro iko wapi.

Akaenda kwenye shule ya ufundi ya Hamamatsu. Profesa alichunguza chuma chake na kumwambia kuwa kinakosa silikoni. Honda hakujua hata kwamba silikoni inahitajika. Alikuwa na miaka karibu 30, mwenye mke na wafanyakazi, na aliomba kuingia darasani pamoja na vijana ili ajifunze habari za madini. Alikaa huko karibu miaka miwili. Alisikiliza yale yaliyohusu pete zake, hakufanya mitihani, na mwishoni akaambiwa kuwa bila mtihani hakuna diploma. Inasimuliwa kwamba alijibu kwa kiburi kuwa tikiti ya sinema inafaa kuliko diploma, kwa kuwa tikiti angalau inakufungulia mlango wa kuingia.

Neno hilo la tikiti ndilo linalorudiwa mitaani. Ni kweli hakuwa na diploma, lakini alitafuta elimu kwa nguvu kuliko wengi waliokuwa nayo. Hata baada ya kujifunza haikuwa rahisi: pete 50 alizopeleka kampuni ya Toyota zikaguliwe, 3 tu ndizo zilikubaliwa. Aliendelea kuuliza, kutembelea viwanda na kupima, mpaka Toyota ikanunua pete zake.

Kisha vita ikaja. Wanaume walichukuliwa jeshini, na kiwandani wakaletwa wanawake na wasichana ambao hawakuwahi kushika mashine. Honda alitengeneza mashine zinazojiendesha zaidi kusudi mfanyakazi asiye na miaka ya mazoezi aweze kazi hiyo bila hatari. Mabomu ya Marekani yaliharibu kiwanda kimoja, na tetemeko la Januari 1945 likabomoa kingine. Yaliyobaki aliwauzia Toyota, akakaa mwaka mmoja bila kazi, akinywa na marafiki.

Mama Sachi na suruali yenye mafuta

Mwaka wa 1946 Japani ilikuwa na njaa. Mabasi na treni vilijaa kupita kiasi, na wamama walikwenda mbali kwa baiskeli kutafuta chakula. Honda alipata injini ndogo 500 ambazo jeshi lilitumia kwa umeme wa redio. Alichukua moja, akaifunga kwenye baiskeli. Kwa tangi la mafuta alichukua chombo ambacho Wajapani hutia maji ya moto kupasha kitanda wakati wa baridi. Halafu akamwambia mke wake, Sachi, aijaribu barabarani mbele ya watu.

Mama Sachi aliendesha, akarudi, na suruali yake nzuri ilikuwa imejaa mafuta. Alimwambia mumewe waziwazi kwamba chombo hicho hakifai namna hiyo. Honda alirekebisha karburateri ili mafuta yasiruke. Kwetu hadithi hii ina uzito. Kabla ya wahandisi na wanabenki, mtu wa kwanza kukosoa mashine ya Honda alikuwa mama aliyekuwa na safari ya kutafuta chakula, na fundi alimsikiliza.

Injini 500 ziliisha haraka, akaanza kuunda zake. Tarehe 24 Septemba 1948 alianzisha kampuni yenye jina lake, na wafanyakazi 34. Mwaka uliofuata alikutana na Takeo Fujisawa, mtu wa hesabu na biashara. Honda alishika kiwanda, Fujisawa akashika pesa na uuzaji. Vikundi vyetu vya akiba vinajua jambo hili: mwenye mikono mizuri si lazima awe mwenye kushika kasha. Honda alikubali hilo bila wivu kwa miaka 24.

Mwezi wa Agosti 1958 wakatoa pikipiki ndogo iliyoitwa Super Cub. Haina mkono wa ambreyaji, kwa hiyo mpeleka chakula anaweza kuiendesha huku mkono mmoja umeshika mzigo. Mbele iko wazi, mwenye sketi au kitenge anapanda bila kurusha mguu juu. Ina kinga ya plastiki inayozuia tope lisifike miguuni. Mpaka mwaka wa 2017 Super Cub zaidi ya milioni 100 zilikuwa zimeundwa, na hakuna chombo kingine chenye injini kilichofikia hesabu hiyo. Pikipiki nyingi za barabara zetu leo zinatoka Uhindi na Uchina, lakini ukiona ile ambayo mama anapanda bila shida, ujue ni mjukuu wa Super Cub.

Mbio zilizolisha kiwanda

Mwaka wa 1954 kampuni ilikuwa karibu kufilisika, na mwaka huohuo Honda alitangaza kwamba atapeleka pikipiki zake kwenye mashindano ya kisiwa cha Man, karibu na Uingereza, yaliyokuwa makubwa kuliko yote. Watu walimwona mwenda wazimu. Alikwenda kutazama, akakuta injini za Ulaya zina nguvu mara tatu kuliko zake. Alinunua cheni, matairi na vipuri vingine, akarudi navyo mwenyewe kwenda kuvisoma.

Miaka mitano ikapita kabla hajathubutu. Mwaka wa 1959 mtu wake wa kwanza alifika wa sita. Mwaka wa 1961 pikipiki za Honda zilichukua nafasi ya kwanza mpaka ya tano katika makundi mawili, la 125 na la 250. Tarehe 24 Oktoba 1965 gari lake, likiendeshwa na Mmarekani Richie Ginther, lilishinda mbio za Formula 1 huko Mexico. Kwake uwanja wa mbio ulikuwa darasa: kilichovunjika siku ya Jumapili kilionyesha kiwanda kirekebishe nini siku ya Jumatatu.

Lakini alikuwa na upande mgumu, na hatutauficha. Alikuwa mkali. Alipiga wafanyakazi na kurusha funguo kwa hasira. Alikuwa mbishi pia. Alishikilia kwamba injini ipozwe kwa hewa, wakati vijana wahandisi wake walisema maji ni bora. Mwaka wa 1968 gari la mbio lenye injini ya kupozwa kwa hewa lilipata ajali Ufaransa, na dereva wake, Jo Schlesser, akafa. Ubishi uliendelea hata baada ya hapo. Mwishoni Fujisawa alimwuliza: unataka kuwa mkubwa wa kampuni, au mhandisi? Honda akajibu kuwa atabaki mkubwa wa kampuni, akawaachia vijana njia ya maji. Vijana hao, waliosoma kuliko yeye, wakatoa mwaka wa 1972 injini iliyochafua hewa kidogo kuliko sheria kali ya Marekani ilivyodai.

Mwaka uliofuata, yeye na Fujisawa walistaafu siku moja. Hakuwaachia watoto wake kampuni. Baada ya kuacha kazi alizunguka viwanda na maduka ya Honda nchini mwake akiwashukuru wafanyakazi kwa mkono. Inasimuliwa kwamba mmoja alirudisha mkono wake nyuma kwa sababu ulikuwa na mafuta. Honda aliushika hivyohivyo, akanusa yale mafuta kwa furaha. Alikufa tarehe 5 Agosti 1991. Alikuwa ameomba asifanyiwe mazishi makubwa ya kampuni, kusudi magari yasije yakafunga barabara.

Sasa, mama aliye na buletini mkononi

Katika darasa letu la sita tulikuwa na mtoto ambaye mbele ya ubao kanuni ya tatu ilimshinda kabisa. Mama yake anauza sambaza, na alikuwa ameshaongea na fundi wa pikipiki. Siku moja tulimwuliza mtoto: pikipiki ikienda kilomita 30 kwa lita moja, kutoka hapa mpaka kijijini kwa bibi yako na kurudi, utatia lita ngapi? Akajibu kabla hatujamaliza. Ilikuwa kanuni ya tatu ileile. Tulipozungumza na mama, tulikubaliana hivi: mtoto amalize la sita, apite mtihani wa taifa, na Jumamosi aende garaji. Alipita. Leo yuko shule ya ufundi, na Jumamosi bado ananuka mafuta. Hatusemi atakuwa Honda. Tunasema hakuna mlango uliofungwa nyuma yake.

Basi kwa wanaotuuliza, tunajibu hivi. Kwanza, msimtoe mtoto kabla hajajua kusoma maandishi ya kiufundi, kupima na kupiga hesabu. Fundi asiyesoma atafika mahali Honda alipofika na pete zake, na wengi hawatapata profesa wa kuwafungulia mlango wakiwa na miaka 30. Shule ya ufundi si adhabu ya watoto wajinga. Ulizeni habari zake mapema, kabla minervali haijaliwa na mambo mengine.

Pili, mkimpeleka garaji, nendeni wenyewe, kama Gihei alivyokwenda Tokyo. Mwulizeni fundi: atafagia kwa muda gani, atashika funguo lini, na mtoto akikosea mtafanya nini? Kutumwa maji mwezi wa kwanza si kitu. Kutumwa maji mwaka mzima ni kumtumia mtoto wako bure. Na kipigo msikikubali, hata fundi akiwa hodari namna gani. Honda alifaulu pamoja na kosa hilo, wala si kwa sababu yake.

Tatu, msiwasahau wasichana. Tunao wanaofungua redio kwa siri kwa kuogopa kuchekwa na kaka zao. Waambieni kwamba aliyeendesha ile baiskeli yenye injini mbele ya watu alikuwa Mama Sachi, na kwamba mashine ilirekebishwa kwa sababu yeye alisema ukweli.

Buletini zitatoka mwisho wa mwezi huu. Mama atakayeona asilimia zinamtisha, asiamue barazani siku hiyohiyo. Aje na mtoto wake, tukae watatu, tuangalie alama, na tuangalie pia kile ambacho mtoto anatengeneza nyumbani. Kama kinabebeka, aje nacho.